Wageni Wetu wa Kigali

Baba yangu aliniita Mama. Kwetu, mtoto wa kike akipewa jina la mama mzazi wa baba yake, basi baba hana tena ruhusa ya kumwita vingine. Atamwita Mama tangu ananyonya mpaka anyonyeshe. Kwa hiyo hata aliponicheka, na alinicheka sana, alinicheka kwa heshima.

"Mama," aliniuliza siku niliyopanda nyumbani, juu ya Nyabiondo, kumweleza kazi niliyopata Goma, ya kuandika site, yaani tovuti, "hiyo site yako inalimaka?"

"Hapana, Papa."

"Inapikaka?"

"Haipiki."

"Eh! Sasa wanakulipia nini?"

Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza. Patron wangu, bosi aliyeniajiri, alikuwa Mnande wa Butembo, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, mwenye kamio kubwa za mizigo zilizopanda barabara ya Sake, Mushaki na Masisi, mpaka Walikale barabara ikiruhusu. Zilipanda na chumvi, sabuni na mabati, zikashuka na maharagi, viazi na fromaji yetu ya Masisi, ile jibini ya duara inayobebwa kwa majani ya mgomba. Wateja wake wa kila siku walikuwa Goma, lakini jicho lake lilikuwa Kampala na Kigali. Kazi yangu mimi ilikuwa hii: mtu yeyote, katika nchi yoyote, akiandika kwenye simu yake neno linalohusu milima yetu, tovuti ya patron itokee ya kwanza, tena itokee kwa lugha yake.

"Ngoja kidogo," baba akasema. "Muntu iko Uganda kule. Anaandika Nyabiondo."

"Sisi njo wa kwanza, Papa. Mbele ya serikali. Mbele ya habari za vita."

Hapo hakucheka. Alijua, kwa sababu niliwahi kumwonyesha, kwamba ukiandika jina la kilima chetu ulikuwa unapata bunduki, mahema na watoto wanaolia. Miaka hiyo yote ya vita, dunia haikujua kitu kingine juu yetu. Mimi niliandika maharagi. Niliandika jinsi yanavyopandwa, mwezi gani yanashuka, yanachukua muda gani kuiva jikoni. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo kanisani, baba akasimama na kofia yake ya sufu ya kijani mkononi, akawatangazia waumini kwamba binti yake ameweka Nyabiondo juu ya vilima vyote vya dunia. Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilifurahi.

Kazi yenyewe niliipenda kwa sababu ilinilazimisha kufikiri kwa vichwa vya watu wengine. Wengi hudhani ni kutafsiri tu: unaandika Kifaransa, unakigeuza Kiswahili, unakigeuza Kiingereza, umemaliza. Thubutu! Mtu wa Goma hatafuti anachotafuta mtu wa Kampala. Wa Goma anauliza kamio inatoka lini, na kama barabara inapita. Wa Kampala anauliza bei ya gunia na karatasi za mpakani. Wa Kigali anataka fromaji kwa ajili ya hoteli yake. Basi kila nchi nikaipa ukurasa wake, maneno yake, bei kwa pesa yake, namba ya ajenti wa patron wa upande ule, wa Rwanda akiwa Gisenyi, na ndani ya kila ukurasa nikaweka alama isiyoonekana ya kuiambia mashine ya kutafuta: huu ni wa Kongo, huu ni wa Rwanda, huu ni wa Uganda, usizichanganye. Mwisho, kwa kuwa patron hakupenda mteja achoke, tukaiwekea site akili ya kutambua simu inatoka nchi gani na kumfungulia mtu ukurasa wa kwao, bila kumuuliza. Chini kabisa kulikuwa na bendera ndogo ndogo kwa atakayetaka kuhama. Karibu hakuna aliyezigusa.

"Mugeni akija kwangu," patron alisema, "simuachi anasimama kwa mulango. Namukalisha kwa kiti yake."

Nilikubaliana naye. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikuwa cha biashara. Mashofere, madereva wa barabara ile, walikuwa na desturi yao. Kila waliposimama, kabla ya kuomba chai, waliuliza: hapa nani anatafuta nani? Wakifika kituo cha mbele wanatangaza kwa sauti, mguu mmoja ungali kwenye kamio: mama fulani wa kilima fulani yuko Masisi kwa Mapadri, anatafuta wanawe. Vita vilipotawanya watu, desturi hiyo iliokoa nyumba nyingi. Nikamwomba patron tuiweke kwenye site. Mashofere waniletee matangazo, mimi niyaandike. Alikubali papo hapo, hakutaka hata shukrani. Aliuliza tu tuyaweke wapi.

"Kwa ukurasa wa Kongo," nikasema.

"Njo vile. Nani Kigali anatafuta mujomba wake wa Nyabiondo?"

Nikayaweka huko, maana alichosema kilikuwa kweli tupu.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu yeyote wa Goma analijua kama anavyolijua ziwa. Sisi ni watu wa kadi mbili za simu. Katika simu moja unaweka kadi ya Kongo ya kupigia ndugu, na kadi ya Rwanda ya kufungulia intaneti, kwa sababu ya ng'ambo ni rahisi na haikatikikatiki. Mpaka uko pale pale, rezo, mtandao wa simu, haina paspoti. Ukipanda vilima vya juu, kule Mushaki unakoliona ziwa lote chini yako, kadi ya Rwanda inashika vizuri tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Ilikaa kwenye mkoba wangu, katika simu ya zamani, na jioni niliitumia kutazama nyimbo. Kurasa za patron nilizipima kwa kompyuta ya buro, ofisini kwetu, na kwa kadi ya buro, ya Kongo, kwa sababu kazi ni kazi na nyimbo ni nyimbo.

Vita vikapanda kwetu msimu wa kupalilia. Mama yangu hakuwa nyumbani. Alikuwa ameshuka Masisi kwenye arusi, na risasi zilipoanza nyuma yake akabebwa na wimbi la watu hadi barabarani, kamio ya patron ikamchukua. Alifika mlangoni kwangu Goma amevaa nguo za arusi ya watu, kitambaa cha kichwani bado kimefungwa vizuri, na neno la kwanza alilosema ni, "Papa yako alibaki na mbuzi."

Mchana ule ule niliandika tangazo. Papa, mama yuko kwangu Goma, mzima. Usirudi nyuma. Njoo. Nikaweka jina lake, jina la kilima, na anwani ya buro. Halafu nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya kabla wala baadaye. Nilikaa nikafikiri njia zote ambazo baba yangu, mtu anayesoma Biblia kwa kidole, angemwambia mtu mwenye simu atafute. Angetaja kilima? Angetaja kanisa? Angesema "site ya maharagi"? Kila njia niliifagia, mpaka zote zikafika kwenye tangazo lile. Wenzangu wa kazi hii huandikia watu wengi ili wachache wanunue. Mimi niliandikia msomaji mmoja. Nilipojaribu kwa kadi ya buro, tangazo lilitokea la kwanza kila mara, nikamwita mama aone.

"Ataona?" akauliza.

"Ata akiwa wapi, Mama. Akipata tu muntu mwenye simu."

Akashusha pumzi, akaenda kuosha vyombo vyangu ambavyo vilikuwa safi.

Antene za simu za kule juu zikanyamaza moja baada ya nyingine. Nyingine zilichomwa, nyingine zilikosa mafuta. Simu ya baba haikupatikana. Mashofere walifika Sake tu, na siku nyingine hata Sake hawakufika. Nikangoja. Na katika kungoja kwangu, kila asubuhi nilifungua hesabu za site, zinazoonyesha watu wanatoka nchi gani, ndipo nikaona mstari wa Rwanda unapanda. Ulipanda wiki hiyo, ukapanda na iliyofuata, mpaka ukaipita Kongo.

Patron alifanya ishara ya msalaba. "Kigali!" alisema. "Niliwaambia mimi! Kigali wametuona!"

Tukanunuliwa soda na mishikaki ya mbuzi. Mimi nilikuwa na huzuni yangu, lakini mtu akikaa na huzuni mchana kutwa hupenda kupata sababu ya kucheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilisimama nikaigiza bwana wa hoteli ya Kigali anavyonusa fromaji. Eh, tulicheka!

Jambo moja tu lilitusumbua: wageni wale hawakununua. Walifungua ukurasa wa Rwanda, wakakaa kitambo kifupi sana, wakaondoka. Tulifanya kikao. Mmoja akasema bei inawatisha. Patron akapunguza bei. Mwingine akasema picha si nzuri, tukapiga picha mpya, fromaji juu ya kitambaa cheupe na kisu pembeni. Nikayapanga upya maneno ya Kinyarwanda na ya Kiingereza yawe matamu zaidi. Wageni wakazidi kuja, na wakazidi kuondoka haraka. Niliwachukia kidogo. Nilisema watu gani hawa, wanakuja kila siku kama wanatafuta kitu halafu hawasemi wanataka nini.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa nayo mawili na sikutazama.

Barabara ilipofunguka hadi Mushaki, akaja buro mwenye duka wa kule, mtu mfupi mwenye maneno mengi, kuuliza habari za magunia yake ya chumvi. Alipoketi akaitazama picha ya fromaji iliyobandikwa ukutani.

"Aa! Kumbe njo ninyi watu wa fromaji!" akasema. "Site yenu nimeifungua mpaka vidole vinauma. Wakimbizi walipanga musururu kwa duka yangu: Kaka, tufungulie, kuna matangazo ya batu. Mi nafungua, naona fromaji. Nafungua tena, fromaji! Muzee moja karibu tugombane. Alikuwa na kofia ya kijani ya sufu. Anasema hapana, tafuta muzuri, iko pale, mutoto wangu njo anaandikaka ile."

Nilimwuliza kama ana simu aliyoitumia siku zile. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa; nakumbuka jinsi ilivyokuwa ya kawaida. Akaitoa mfukoni. Nikamwomba aandike Nyabiondo. Site yetu ikatokea ya kwanza, kama nilivyoahidi. Akaigusa, na ukurasa uliofunguka ulikuwa wa Rwanda, na kitambaa cheupe, na kisu, na bei mpya kwa faranga za kule.

"Hii kadi iko ya wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ya Rwanda, dada. Ya Kongo ilikuwa imekufa yote kule juu. Sisi wote tulikuwa kwa ya Rwanda."

Hapo ndipo nilipowaona wageni wetu wa Kigali. Niliwaona wamesimama Mushaki kwenye matope, na magodoro kichwani, wakimsubiri mtu mmoja mwenye simu. Walikuwa majirani zetu. Walikuwa watu wa kilima chetu, wale wale waliopiga makofi kanisani, wakitafuta wake zao na watoto wao, na mimi nikawapunguzia bei ya fromaji.

"Yule muzee alisema nini?"

"Aliniambia nipige namba iliyokuwa pale. Nikapiga. Ilikuwa siku ya Mungu, Jumapili, ajenti wa Gisenyi hakushika. Ya mutoto wake hakuijua kwa kichwa, ilikuwa ndani ya simu yake, na simu ilimubakia mikononi mwa watu wa bunduki wa bariere ya njiani. Akakaa kwa ngazi yangu kitambo. Halafu akaamka, akasema anaenda Kibua."

"Kibua? Na Goma iko hapa chini?"

"Nilimuambia hivyo. Akasema Goma hakuna batu wake."

Siku ile tuliweka matangazo juu ya kurasa zote, za nchi zote, na ile akili ya kumkalisha mgeni kwenye kiti bila kumuuliza tukaiondoa. Patron aliketi kando yangu mpaka nikamaliza, na rozari mkononi. Ilikuwa kazi ya muda mfupi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, ufupi wake. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, nami nilikuwa nadhani ni maneno ya kutishia watoto.

Kibua nilijua kwa nini. Dada mkubwa wa mama yangu aliolewa kule, upande wa Walikale, na tangu vita vya kwanza neno la nyumbani lilikuwa moja: tukipotezana, na Goma haiwezekani, basi Kibua. Nilimweleza mama jinsi mambo yalivyokwenda. Nilijitahidi kumweleza habari za kadi na kurasa na nchi, nikaona nazungukazunguka, nikaishia hapo.

"Alitutafuta?" akauliza.

"Alitutafuta."

"Na sisi tulimutafuta."

"Ee, Mama."

"Sasa mbona hatukuonana?"

Nilijua jibu lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaenda kumwuliza patron kamio inatoka lini.

Tulipanda na kamio ya kwanza ya patron iliyopita Masisi. Nyabiondo tulipita bila kusimama, mama amefumba macho. Baada ya hapo barabara inashuka, hewa inakuwa nzito, na msitu unakaribia. Tulifika Kibua watu wakirudi mashambani. Mama mkubwa alitoka na mikono yenye unga wa mihogo, akatuona, akasimama. Hakupiga vigelegele. Aliweka mikono kichwani, nami nikaelewa kabla hajasema, kwa sababu mtu aliye na mgeni wake hai ndani ya nyumba humwita.

Kifua ndicho kilichomwondoa baba. Alifika amedhoofika kwa mvua na njia za miguu, akapona kidogo, akalima, halafu mvua ya pili ikamrudisha kitandani. Dawa hazikuwa zinafika. Walimzika nyuma ya kanisa, na mwalimu wa kanisa alisema maneno mazuri. Mama mkubwa alitueleza hayo yote kwa utaratibu, amemshika mama mkono, na mama alisikiliza akitikisa kichwa kama anayesikiliza habari za mtu wa mbali.

Nilikuwa na swali moja, na nililibeba kutoka Goma.

"Mama mukubwa, alinikasirikia? Kwa vile hakukuta kitu pale?"

Alinitazama kwa mshangao. "Akukasirikie wewe? Hapana! Alisema: Mama hasahau. Kama yuko Goma, angeandika. Kama site iko kimya, njo kusema vita vilimukuta hata yeye, naye iko kwa njia na mama yake, wanakuja huku. Kila jioni alikuwa anasimama kwa barabara."

Basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Njia nzima nilijipangia maneno ya kujitetea, na ya kuomba msamaha. Hakuniachia hata nafasi ya kuyatumia. Angenishuku kidogo tu, angesema huyu mtoto mvivu, huyu mtoto kasahau, angeshuka Goma kuja kunigombeza. Kutoka Mushaki ni mteremko mtupu.

Mama mkubwa akatupeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kijumba cha miti na udongo, nyasi za paa bado changa. Baba alikuwa na mikono ya ujenzi. Kando yake shamba dogo la mihogo lilikuwa limeota vizuri, mistari imenyooka. Mama akainama akang'oa jani moja la magugu, halafu jingine. Ndani kulikuwa na mafiga matatu yasiyo na masizi, ambayo hayajawahi kupikiwa, na vitanda viwili vya fito, kimoja kipana, kimoja chembamba ukutani karibu na dirisha.

Mama alikaa kwenye kile kipana, akakigusa kwa kiganja.

"Hiki nimejua," akasema. "Na hiki ya pili?"

"Ya Mama," dada yake akajibu, akinionyesha mimi kwa kidevu. "Alikiweka karibu na dirisha. Alisema kule rezo inaweza kushika, mutoto asikose kuandika."